Mgeni Asiyelipa Nauli: Nilivyokwenda Kupika Jambiani

Mabwana wa barazani, nshachoka na nyinyi. Kila nikianza kukuhadithieni safari ya Jambiani, nikifika Tunguu tu mnaanza kucheka, mmoja anapaliwa na kahawa, mwengine anasema "rejea, rejea pale ulipokamatwa", na hadithi haifiki hata Kitogani. Nimeona bora niandike. Atakayetaka kucheka acheke peke yake kwao, asinikatize. Hati yangu mnaijua, kama kuku kapita kwenye unga. Skuli nilitoka kabla haijanimaliza. Vumilieni.

Kwanza mjue abiria tulikuwa nani. Tulikuwa mimi na Mkaguzi.

Mkaguzi hamumjui, kwa sababu anakaa ndani ya kichwa changu. Nilipokuwa darasa la sita alikuja mkaguzi skulini, bwana mmoja wa suti nyeupe, viatu vyake havina mlio. Nikiwa nnafanya hesabu akasimama nyuma yangu, akainama mpaka nkasikia pumzi yake shingoni, akasema, "Hm!" Basi. Akenda zake. Lakini ile "Hm!" haikwenda naye. Mwaka ule ule nikatoka skuli kwenda kuosha masufuria kwa ami yangu mpishi, na Mkaguzi akatoka na mimi. Nikikata kitunguu, "Hm!" Nikimsalimia mtoto wa watu, "Hm!" Na baada ya ile pilau ya maulidi mtaani kwetu, juu mchele una kiini, chini umepondeka bokoboko, akajifunza na kusema. Nyinyi mliniita Fundi Bokoboko mpaka mkachoka wenyewe. Yeye hakuchoka.

Sasa dada yangu Mtumwa, aliyeolewa Jambiani, akawa anamwoza binti yake, Mize. Karamu Ijumaa baada ya sala, na dada anataka pilau aipike mjomba mtu. Nkapeleka maneno kwamba mimi mgonjwa. Akanirejeshea maneno: "Njoo na ugonjwa wako."

Na mwaka ule mchele ulikuwa wa kupimiwa, hamjasahau foleni zile. Dada na jirani zake walikusanya kibaba kwa kibaba, wao wenyewe wanakula muhogo asubuhi na jioni, mpaka likajaa gunia moja. Moja tu. Likiharibika hakuna la pili, si Jambiani wala mjini. Na wakwe wanatoka Makunduchi, watu ambao wakila kibaya hawasemi, wanaimba.

Darajani hadi kizuizini

Alhamisi asubuhi nikapanda gari la shamba pale Darajani. Nna mfuko wa bizari, mdalasini na iliki, na mwiko wangu mkubwa, ule wa urefu wa kasia, nimeuzungushia kanga kuukuu usipate vumbi. Kiti nilichopata ni ubao, na pembeni yangu kakaa mama mmoja mnene, kapakata chupa ya mafuta ya taa kama aliyepakata mjukuu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Usiniguse goti. Mafuta haya yakimwagika, Paje nzima italala kiza na watakutaja wewe."

Huyo ndiye Bi Mwaka wa Paje. Alikuwa katoka kuuza kamba zake mjini, kamba za makumbi ya nazi, anazisokota mwenyewe.

Tulipotoka tu mjini, kwenye kizuizi, akapanda kijana wa ulinzi. Akatazama huku na huku, jicho likauangukia mwiko wangu, nimeulaza miguuni kama mgonjwa, mrefu, mwembamba, kafungwa kanga.

"Hicho nini?"

Mtu mwenye akili angesema "mwiko". Mimi Mkaguzi akanambia shingoni: "Jibu vizuri, usije ukaonekana mjinga." Basi nikataka kujibu vizuri. Nkasema, "Ni chombo changu cha kazi, afande."

Bi Mwaka akaihamisha chupa yake ya mafuta kwenye goti la mbali.

"Shuka nacho."

Nkashuka. Nkaanza kufungua kanga, na fundo nililifunga mwenyewe, halifunguki. Kijana kasimama na miguu kaipanua. Mwiko ukatoka. Akautazama. Akaunusa. Una harufu ya vitunguu tangu enzi ya ami yangu.

"Wewe mpishi?"

"Naam."

"Wa wapi?" Nkamtajia mtaa. Uso ukamkunjuka. "Aaa! Si wewe uliyepika ile ya maulidi? Shangazi yangu alikuwepo!"

Jamani. Kisiwa hiki mtu ukijikwaa Bububu, pole unapewa Kizimkazi.

Akanirejeshea mwiko kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. "Nenda, bwana. Silaha ni ile pilau, huu mwiko hauna kosa."

Watu walicheka mpaka Mwanakwerekwe ikapita hawakuiona. Mimi pia nilicheka, maana iliniingia. Ila Mkaguzi hakucheka. Alikuwa anaandika.

Tunguu, tulipokaa kuliko tulivyokwenda

Tunguu rejeta ikapasuka. Dereva akafungua boneti, mvuke ukamfunika, akawa kama anafanyiwa nyungu. Utingo akatumwa maji kisimani, akaja na ndoo inayovuja, akatumwa tena. Kisha wakatafuta sabuni ya kuziba tundu. Sabuni nayo siku zile! Abiria mmoja akatoa kipande chake kwa kusita, kama anayetoa mtoto jandoni.

Tukakaa chini pembezoni mwa barabara. Jua likapanda, likafika utosini, likaanza kuteremka, na gari bado inapigwa sabuni. Bi Mwaka akafungua kikapu, akatoa muhogo wa kuchemsha na pilipili ya kusaga.

"Kula, mpishi. Nimeutia chumvi kidogo, wangu mimi anasema naizidisha."

"Mumeo?"

"Si mume wangu." Akatafuna. Sikumuuliza tena. Muhogo ulikuwa mzuri, ila kweli chumvi ilikosa.

Na Mkaguzi pale ndipo alipopata nafasi. Gari ikienda huwa nnamsikia kwa mbali, gari ikisimama yeye ndiye anayekwenda. "Utachelewa. Ukifika utakuta wamempa mwengine kazi, na itakuwa bora. Gunia lile la watu, vibaba vya watu waliokula muhogo. Wewe ulishindwa na sufuria la maulidi, utaliweza hili?" Nkajaribu kumfukuza. Nkamwambia kimoyomoyo nyamaza. Akanyamaza kama anavyonyamaza nzi, yaani akahama sikio.

Kitogani hadi Paje, kwa gari la ng'ombe

Tulifika Kitogani alasiri imeshaadhiniwa. Gari ile inakwenda Makunduchi. Wa Paje na Jambiani tunashuka njia panda. Gari ya huko ilikuwa ishapita, au haijaja, au haipo. Kila tuliyemuuliza alitupa jibu lake. Mwisho akatokea Ame na gari lake la ng'ombe, anapeleka magunia ya muhogo Paje. Ame ni mtu wa maneno machache, na hayo machache anampa ng'ombe.

Bi Mwaka akapanda juu ya magunia na chupa yake. Mimi nikapanda nyuma na mwiko. Njia ile ya mawe, gurudumu likipanda jiwe unaona mbingu, likishuka unaona ulimi wako.

Sijui tulikuwa tumekwenda kiasi gani. Jua linashuka, mimi nnahesabu kichwani: tukifika Paje magharibi, nitembee mpaka Jambiani, alfajiri niwashe moto. Na Mkaguzi ananisomea mashitaka. Kumbe, mabwana, bila ya kujua, nikawa nnayasema kwa sauti.

"Mjinga mkubwa! Huna faida! Mtu mzima ovyo, kazi yako kula tu!"

Gari likasimama. Ame akageuka polepole, fimbo mkononi.

"Unantukana miye, au ng'ombe?"

"La, la, la! Si wewe, bwana wee! Wala si ng'ombe!"

"Basi Bi Mwaka?"

"Hebu athubutu," akasema Bi Mwaka kutoka juu.

Sikuwa na la kufanya ila kusema kweli. "Nnajisema mwenyewe."

Ame akamtazama ng'ombe wake, akampapasa shingo. "Miye ng'ombe huyu akikaa njiani simwambii maneno hayo. Nikimwambia hivyo hanyanyuki, na magunia yenu yatalala hapa. Namwambia, twende baba, mlima huu tu." Akapiga ulimi, gari likaondoka. Kwa siku ile nadhani alimaliza maneno yake yote.

Bi Mwaka alikuwa anacheka, gunia linatikisika. Kisha akashuka gunia moja chini, akakaa karibu yangu.

"Nani yumo?"

"Nani yumo wapi?"

"Humo." Akanigonga paji la uso kwa kidole. "Hayo si maneno yako, mwanangu, unayasema kama mtu anayesomeshwa. Nani?"

Nkamhadithia Mkaguzi. Suti, viatu, "Hm!", mpaka maulidi, mpaka gunia la dada. Nilidhani atanionea huruma. Badala yake akauliza, "Na suti imefuliwa au chafu?"

"Safi, Bi. Inang'ara."

"Afadhali wako ana sura. Wangu mimi ni mama mkwe wangu, na alikuwa chongo." Akatazama nyuma kama anayehakikisha hayuko. "Kafa kabla ya mapinduzi, Mungu amrehemu. Tumezika, tumesoma hitima, watu wamekula wakenda zao. Yeye hakwenda. Nikikuna nazi: 'Hiyo umeimaliza?' Nikitia chumvi: 'Unatupikia bahari?' Nikisokota kamba: 'Hii ya kumfungia kuku au panzi?' Miaka yote! Nimemfukuza kwa maneno, kwa ubani, nikamfukuza na kwa kulia. Ukimfukuza ndo anakaa."

"Sasa ukamfanya nini?"

"Wewe mgeni akikujia kwako unamfanya nini? Unampigia kelele mlangoni, jirani wakusikie?"

"Namkaribisha."

"Haya. Nkamwambia, karibu mama. Kaa. Nshakusikia, nazi haijesha. Kunywa maji." Akaipangusa chupa yake kwa ncha ya kanga. "Na mgeni anakaa siku ngapi?"

Hilo hata mimi wa darasa la sita nnalijua. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Ndo hapo. Nyinyi watu wa mjini mna adabu kupita kiasi. Mkaguzi yuko kwako tangu u mtoto na hujampa jembe! Anakula bure, anapanda gari bure, anakutazama shingoni. Mimi wangu nshampa kazi. Kazi yake kunikumbusha kufunga kuku. Hasahau hata siku moja, maskini, alikuwa anawapenda kuku. Lakini kwenye chungu changu haruhusiwi."

"Na akija kwenye chungu?"

"Namwambia, mama, kuku." Akacheka. "Kuna siku anashinda yeye. Leo kwenye muhogo kashinda, umeuona mwenyewe ulivyokuwa chapwa. Sisemi nimemaliza naye. Nasema tunaishi."

Paje hadi Jambiani, kwa miguu

Paje nikaagana nao. Bi Mwaka alishuka na chupa yake nzima, hata tone halikumwagika, akasema, "Ukirudi pita, unieleze kama umeungua." Ame akainua fimbo.

Maji ya bahari yalikuwa yametoka, nkapita pwani, mchanga mgumu, mwiko begani. Wanawake wa mwisho walikuwa wanatoka kufukia makumbi yao kwenye matope, wakaniona nnakuja mbio na kitu kirefu. Mmoja akapiga ukelele, "Mvuvi gani huyu anayetafuta bahari na kasia?" Nkamjibu, "Nimeiacha ngalawa Darajani!" Wakacheka, wakanionesha njia ya kwa Mtumwa.

Njiani nikajaribu dawa ya Bi Mwaka. Nkasema, "Karibu, Mkaguzi." Naona haya kuandika, lakini nilisema kwa sauti, hakuna mtu. "Karibu, bwana. Umechoka na safari. Nshakusikia, unaogopa gunia. Na mimi naliogopa." Ndugu zangu, hakuondoka. Nisikudanganyeni. Ila kwa mara ya kwanza alitoka nyuma ya shingo, akawa anatembea ubavuni. Viatu vyake vimejaa mchanga.

Jambiani, kifuniko

Dada Mtumwa alinipokea mlangoni. "Umekuja na ugonjwa wako?"

"Nimekuja naye, dada."

Hakuelewa, akanipa pweza wa nazi na ugali wa muhogo, nikala mpaka nkasahau jina. Gunia lilikuwa pembeni ya chumba, limefunikwa mkeka, kama bibi harusi wa pili. Kila anayepita analigusa.

Alfajiri nikawasha moto uani. Sufuria kubwa juu ya mafiga, makumbi chini, vifuu pembeni vinashika makaa. Vitunguu vikaiva rangi ninayoitaka, nyama ikalainika, bizari ikanuka mpaka watoto wakaamka bila ya kuamshwa. Supu nikaionja. Mkaguzi akasema, "Chumvi." Nkaonja tena. Sikuwa na hakika. Nkaongeza kidogo, nikamwambia ahsante. Mchele ukaingia. Na mchele ukishaingia na maji yakaanza kukauka, mnajua kinachofuata: unafunika, unapalia makaa juu ya kifuniko, unaacha. Kazi yote ya mpishi wa pilau pale ni kuacha.

Na pale ndipo nilipoharibu maulidi. Si kwamba sijui kupika. Nilikuwa nnafunua. Kila nikifunika, Mkaguzi anasema "imeungua hiyo", nafunua, mvuke unatoka wote. Nafunika, "haijaiva hiyo", nafunua, naongeza maji. Pilau ile haikupikwa, iliulizwa maswali mpaka ikafa.

Sasa nikafunika, nikapalia, nikakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mikono nimeikalia.

"Imeungua," akasema.

"Karibu. Nshakusikia."

"Funua kidogo tu. Ncha."

Mkono wa kulia ukatoka wenyewe. Nkaurejesha. Nkasema, "Mkaguzi, wewe una pua nzuri na macho mazuri. Kazi yako leo ni makaa. Likizima moja juu, nambie. Likizidi chini, nambie. Kifuniko si kazi yako."

Akayatazama makaa. Kisha: "Kule upande wa mnazi limezima." Natazama, kweli, limezima. Nikaweka jengine. "Chini makumbi yamezidi." Kweli, yamezidi. Nkayavuta. Jamani, fundi! Miaka yote hiyo nna msaidizi nimemwacha bila kazi.

Mara nasikia kandambili zinakuja mbio. Dada Mtumwa, kajifunga kanga kiunoni, macho mekundu, hajalala. Moja kwa moja kwenye sufuria, kitambaa mkononi.

"Funua nione."

"Dada, haifunuliwi."

"Nimesema nione! Wakwe wako njiani! Vibaba vya watu vile, watu wamenipa vya watoto wao! Nilijua mimi, bora nisingemwita mtu wa... Najua nimekosea, mimi kila siku nakosea, mama alisema mimi sina..."

Nikamtazama, na nikamwona. Si yeye, nilimwona aliye nyuma ya shingo yake. Sijui wake ana sura gani, lakini nilimjua kwa ile pumzi.

Mkono wake ulikuwa juu ya kifuniko. Ningemsukuma. Ningemwambia mjinga we, utaiharibu. Nkakumbuka Ame na ng'ombe wake.

"Dada yangu," nkasema, "mlima huu tu. Kaa hapa." Nkampisha kibao cha mbuzi, nkammiminia kahawa. "Nshakusikia. Na mimi naogopa. Shika koleo hili, kazi yako makaa ya upande wa nyumba, ya huku nna mtu."

"Una mtu nani?"

"Nitakueleza."

Akakaa. Akashika koleo. Akalia kidogo, akaweka kaa moja, akalia, akaweka jengine. Tukakaa hivyo, ndugu wawili tunatazama kifuniko kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe, na hakuna aliyefunua mpaka nilipoijua harufu.

Nkapangusa makaa. Nkafunua.

Mbegu kwa mbegu, mabwana! Kila punje imesimama peke yake kama imegombana na mwenziwe. Dada akatia mkono mdomoni. Halafu akapiga kigelegele peke yake, pale uani, hata bibi harusi hajavishwa.

Wakwe walikula, wakaimba, na walichoimba siandiki, mtasema najisifu. Ukoko wa chini wazee watatu walioheshimika sana waliugombea kama watoto, nikawahi kuficha kipande.

Kurudi

Kile kipande nilikifunga kwenye jani la mgomba, nikapita nacho Paje. Bi Mwaka alikuwa mlangoni anasokota kamba. Hakuniuliza hujambo.

"Umeungua?"

Nkampa. Akafungua jani, akamega, akatafuna polepole, jicho moja kalifumba, bila shaka kwa heshima ya mama mkwe.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Chumvi imepungua."

"Nnajua, Bi. Mkaguzi alinambia."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimshukuru. Na watu walipokaa kula nkamwambia, sogea bwana, na wewe hujala tangu darasa la sita."